Jina la Jeni ya Siku ya Pili

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, mwenye simu aizime, na wewe unayetafuna karanga hapo nyuma, maliza utuachie masikio yetu. Hadithi hii nimeshaisimulia mara tatu, na mara zote tatu watu wameondoka wakizozana. Kuna mtu na shemeji yake hawajasemeshana tangu Pasaka. Nawaonya mapema msije mkanilaumu.

Palikuwa na watu watatu katika kituo cha utafiti wa kuku huko Mbwemera, mji wa mlimani ambako rasharasha hainyamazi na umeme hukatika unavyojisikia. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na hakuna aliyeweza kuazima cha mwenzake.

Wa kwanza ni Zaituni, mhudumu wa mayai. Kipaji chake kilikuwa jicho. Aliweka yai mbele ya taa ya kumulikia, akalizungusha mara moja kwa vidole viwili, akakwambia: "Hili lina uhai. Hili lina uhai ila linasuasua. Hili viza." Wasomi walimletea mashine ya kupimia mayai, wakaishindanisha naye kutwa nzima. Kufika saa kumi jioni mashine ilikuwa imekosea mara tisa, Zaituni mara moja. Na hiyo moja anaibishia mpaka leo.

Wa pili ni Lwitiko, kijana wa Kinyakyusa mwenye mkono usiotetemeka. Kiinitete cha kuku cha siku mbili ni kidogo kama punje ya mchele. Yeye alikuwa akikigandisha ndani ya nta na kukikata vipande mia mbili, vyembamba kiasi kwamba ukipumua karibu vinaruka. Alipokuwa akikata, hata nzi aliona haya kutua.

Wa tatu ni Daktari Kokubanza, mkuu wa maabara, Mhaya mwenye sauti kali na kicheko cha nadra. Kipaji chake kilikuwa kusoma. Msinifikirie vitabu. Alisoma yale maandishi marefu yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, herufi nne tu zinazojirudia mamilioni kwa mamilioni bila nukta wala mkato. Wenzake huiachia kompyuta isome, wakaenda kunywa chai. Yeye aliisomesha kompyuta, kisha akaikagua kama mwalimu anavyosahihisha madaftari. Herufi moja ikikosewa, alikuwa nayo.

Sasa njooni mkae na Zaituni, maana nitakuwa naye mpaka mwisho.

Miaka kumi na mmoja kabla ya haya, Zaituni alijifungua mtoto wa kike. Uso ulikuwa mzuri, mdomo mdogo, masikio ya babake kabisa. Ila juu ya nyusi kichwa hakikufungwa. Kilikuwa wazi. Mtoto aliishi tangu alfajiri mpaka adhana ya adhuhuri, akaenda. Kwao Zaituni mtoto hupewa jina siku ya saba, anaponyolewa nywele. Huyu hakuifikia siku ya saba, wala hakuwa na nywele za kunyoa. Wanawake wa mtaani walimwosha na kumzika kabla ya alasiri, bila matanga, wakamwambia mama mtu: "Usimpe jina, mwanetu. Ukimpa jina hutamsahau." Mumewe Shomari akasema wasilizungumze, na kweli hawakulizungumza. Mtoto mwingine hakuja.

Lakini jina alikuwa nalo! Alikuwa nalo tangu mimba ya miezi mitano. Miaka yote hiyo alilitamka moyoni tu, akiosha vyombo, akipanda kilima kwenda kazini, akimulika mayai. Alitamani kulisikia kwa masikio yake, alitamani mno. Watoto wengi hufa, hilo alilijua. Kilichokuwa kikimla ni kwamba hapajawahi kuwa na kinywa hata kimoja duniani kilichomwita mwanawe.

Tushike hapo. Sasa niwape habari ya mkaa.

Vijijini kuku akiatamia, akina mama huchukua kipande cha mkaa na kuchora alama kwenye kila yai alilolalia. Kuku mwingine akija kutaga humohumo, mayai mageni yanajulikana, yanaondolewa. Zaituni alilelewa hivyo, na kazini akaendelea hivyohivyo. Kila kuku alikuwa na alama yake: huyu msalaba, huyu mistari mitatu, huyu duara. Mkaa haukuwa tabu, maana umeme ukikatika walikuwa wakiwasha majiko na kuweka masufuria ya maji ili chumba cha mayai kisipoe. Siku Daktari Kokubanza alipoziona zile alama alikuja juu.

"Zaituni! Hii ni maabara, siyo banda la bibi yako. Mayai yana vibandiko vya namba. Futa hayo masizi."

"Sawa, Daktari."

Akafuta. Kesho yake akachora tena, safari hii kwenye kitako cha yai, mahali ambapo mtu haangalii. Mwanamke mbishi yule! Haoneshi, lakini ndani ni jiwe.

Basi miongoni mwa kuku wale alikuwamo mmoja mweusi wa kishungi, ambaye Zaituni alimwita Shangingi kwa sababu ya madaha yake. Alama yake ilikuwa mistari miwili na nukta. Zaituni akaona kwamba Shangingi akipandwa na jogoo fulani mwekundu, mayai yake yanazimika. Hayazimiki yote. Katika kila manne, moja linakuwa giza kabla ya siku ya saba. Sheria ya kituo ilisema yai viza litupwe kwenye pipa bila kupasuliwa. Yeye siku moja alilipasua.

Ndani mlikuwa na kiinitete kidogo chenye kichwa kisichofungwa juu.

Zaituni aliketi palepale kwenye sakafu ya saruji, yai mkononi, akalia kwa sauti mchana kweupe, hata mlinzi akaja mbio akidhani ameungua na maji ya moto. Hakulitupa. Alilifunga kwenye pamba akalizika nyuma ya jengo, kwenye tuta la matembele. Lililofuata akalizika. Na lililofuata. Kwa miezi miwili alizika mayai kumi kinyume cha sheria na hakumwambia mtu. Na hapo alikosea, tuseme ukweli, kwani miezi hiyohiyo Daktari Kokubanza alikuwa akikuna kichwa kutafuta kwa nini mayai ya kituo hayaanguliwi, na asingeweza kujua wakati mwenzake anayazika.

Ikaja wiki moja umeme ukakatika siku nne mfululizo. Majiko yakawashwa, masufuria yakachemka, mvuke ukajaa chumbani, na vibandiko vyote vya namba vikabanduka vikaanguka sakafuni. Daktari aliingia asubuhi akakuta trei za mayai mia tatu, hakuna linalojulikana mama yake. Akashika kichwa.

"Kazi ya mwaka mzima imekwisha," akasema. "Imekwisha, Lwitiko. Basi tena."

Zaituni alizisogelea trei. Kisha akachukua yai moja akaligeuza kitako juu.

"Hili la Shangingi, Daktari. Na hili. Na hili hapa. Na mengine nimeyazika."

Daktari akaitazama ile mistari miwili na nukta, akavitazama vidole vyeusi vya Zaituni.

"Nilikwambia ufute."

"Uliniambia, Daktari."

"Afadhali hukunisikia."

Kwa Daktari Kokubanza, maneno hayo ni sawa na mtu mwingine kupiga magoti. Na ndivyo kazi ilivyoanza. Bila mkaa wa Zaituni, hakuna ambaye angejua mayai ya kuangalia ni yapi.

Lakini mkaa ulisema ni mayai ya nani. Haukusema ndani yake kimeharibika nini. Hapo ikawa zamu ya Lwitiko.

Ubongo, ndugu zangu, wa kuku na wangu na wako, huanza ukiwa bapa, kama chapati juu ya kibao. Kisha kingo mbili zinainuka, zinainamiana, zinakutana katikati na kushikana. Bapa linakuwa bomba, na sehemu ya mbele ya lile bomba ndiyo itakayokuwa kichwa chenye akili zako zote, kama unazo. Kingo zisipokutana mbele, kichwa kinabaki wazi. Lwitiko alichukua viinitete vya Shangingi vya saa ishirini na nne, vya saa ishirini na tano, vya ishirini na sita, akaendelea hivyo saa kwa saa, akavikata. Wiki tisa alikata. Vipande elfu tisa, na hakuna alichokiharibu. Alikuwa akiviweka chini ya hadubini kimoja kimoja, vizima upande huu, vibovu upande ule, mpaka akajua mahali penyewe na wakati wenyewe.

Alimweleza Zaituni siku hiyo wakinywa chai.

"Dada Zai, kuna kitu kinaamka hapa, kwenye kingo za mbele, siku ya pili. Kinatoa amri kwa muda wa saa saba tu. Kisha kinalala moja kwa moja. Kwa mayai ya Shangingi, yale mabovu, hakiamki kabisa."

"Moja kwa moja? Hakirudi?"

"Hakirudi. Kifaranga akianguliwa, kitu hicho kimeshanyamaza zamani. Akikua, akitaga, akiliwa na pilau, hakipo."

"Na kifaranga hakijui?"

"Akijulie wapi, dada? Hawakuonana."

Zaituni akakisogeza kikombe. Muda wa saa saba. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, alfajiri mpaka adhuhuri, na akapata saa saba. Chai yake ikapoa na Lwitiko akamuuliza kama anaumwa.

Basi Lwitiko alijua wapi na lini. Bila mkono wake, hakuna ambaye angejua. Lakini hakujua ni nani. Ikawa zamu ya Daktari Kokubanza.

Daktari alichukua chembe za mahali pale na za wakati ule, akayasoma maandishi yake. Miezi minne alisoma, macho yakamvimba, na miwani alibadilisha mara mbili. Akaikuta jeni moja ambayo haikuwa na jina katika kitabu chochote, na kwa Shangingi na yule jogoo mwekundu ilikuwa na herufi moja iliyokosewa. Moja! Mzazi mmoja akimrithisha kifaranga hiyo yenye kosa, ile nzima ya mzazi wa pili inatosha. Akizipata zenye kosa kutoka pande zote mbili, amri haitoki.

Na jeni yenyewe si fundi. Hili Daktari aliwaeleza vizuri, na mimi nawapa kama nilivyopewa. Ziko jeni za mafundi: hii ya ngozi, hii ya mfupa, hii ya manyoya. Na ziko chache za wasimamizi. Msimamizi wa ujenzi hagusi tofali. Anatembea saiti akisema, hapa anzeni, pale simameni, wewe fungua ramani ukurasa huu, wewe funga. Jeni ya msimamizi hutengeneza kitu kinachokwenda kuyashika yale maandishi na kuzifungua jeni nyingine zisomwe. Hii yao ilikuwa ikizifungua zile zinazoinua kingo za mbele. Ikikaa kimya, mafundi wote wapo na vifaa wanavyo, ila hakuna anayewaambia anzeni.

Bila macho ya Daktari, isingejulikana. Basi wako sawasawa, au siyo? Jicho, mkono, usomaji. Ukimtoa mmoja, hakuna kitu. Msinipigie kelele sasa, ngojeni.

Kwa watu wa kazi hiyo kuna desturi moja: anayeigundua jeni ndiye anayeipa jina. Barua ikaja kutoka kwa kamati ya majina huko ng'ambo. Jina moja, neno moja, herufi zisizozidi nane, liwasili Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Likishaandikwa halibadilishwi. Litasomwa Nairobi, litasomwa Tokyo, litatamkwa na wanafunzi madarasani wakati sisi sote hapa tumeshakuwa udongo.

Zaituni alipoisikia barua ile aliliweka chini yai alilokuwa akimulika. Duniani kote! Vinywa elfu kwa elfu vikimwita mwanawe! Na kwa kuwa mtoto wake alikuja vilevile kama vifaranga vya Shangingi, moyoni aliamini kwamba jeni hiyo ni yake yeye, kwamba mwanawe aliikosa na sasa ataipata walau kwa jina. Akaona ahakikishe. Siku ya Jumatatu akamfuata Daktari ofisini.

"Daktari, nisome na mimi."

Daktari alielewa mara moja, kwani ile habari ya mtoto aliisikia kwa mlinzi zamani, ingawa hakuwahi kuigusa. Akamwambia kwamba jeni hiyo binadamu naye anayo. Akampa kichupa ateme mate. Alhamisi asubuhi akamwita, akafunga mlango.

"Zaituni, kama ingekuwa ni hii, ungekuwa umebeba moja yenye kosa. Zako zote mbili ni nzima."

"Soma tena."

"Nimesoma mara nne."

"Basi ni nini kilichomchukua?"

"Sijui. Kuna mengi. Jeni nyingine, upungufu wa vitamini mimba ikiwa changa, homa, au mambo ambayo hatujayajua. Sijui, mdogo wangu. Ningekuwa najua ningekwambia."

Zaituni alitoka nje akasimama kwenye rasharasha bila mtandio kichwani. Kwa miezi mingi alikuwa akidhani yuko karibu na mwanawe, kumbe alikuwa karibu na kuku. Alijicheka, kisha akalia, kisha akarudi ndani, maana mayai yalikuwa yakisubiri kugeuzwa.

Ikafika Ijumaa. Saa tano asubuhi watatu wakaketi ofisini kwa Daktari. Kwenye kompyuta fomu imefunguka, nafasi ya jina ni tupu. Daktari alikuwa mkuu, angeweza kuandika lake na kufunga mashine. Hakufanya hivyo, na kwa hilo mpeni sifa yake.

"Kila mtu aseme jina lake na sababu yake," akasema. "Lwitiko."

"Angetile," akasema Lwitiko.

"Ni nani?"

"Baba yangu. Alikuwa fundi cherehani, na mkono huu ni wake. Nikiwa darasa la kwanza alikwenda migodini huko kusini. Barua zilikuja mbili, kisha kimya. Mama alikufa akiwa bado anamwekea kiti." Akautazama mkono wake. "Jina lake likizunguka dunia, huenda likamfikia."

"Baba yako atasoma jarida la viinitete vya kuku, Lwitiko?"

"Huenda akaambiwa na mtu."

Aliyasema hayo mtu mzima mwenye shahada mbili, na hakuna aliyecheka. Daktari akainamisha macho akaomba radhi.

"Mimi langu ni Alfajiri," Daktari akasema. "Jeni yenyewe inaamka mapema kuliko wenzake, kwa hiyo jina halidanganyi. Nimekaa ugenini miaka tisa, nikisoma kwenye vyumba ambavyo jua halikuingia miezi mitatu. Jeni zote zina majina ya kwao. Nyingine wamezipa majina ya utani, ya wanyama, ya michezo ya watoto wao. Nilikuwa nikifungua ukurasa nikatamani nikute neno moja tu la nyumbani, nilitamani kama mwenye kiu. Sikulikuta hata siku moja. Nataka binti wa Mbwemera akienda huko alikute linamngoja."

Lwitiko alitikisa kichwa polepole. Hata Zaituni aliona kwamba ni sababu kubwa.

"Na wewe, Zaituni?"

Zaituni aliinua macho. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu.

"Nikilisema mkalikataa," akasema, "nitabaki na nini?"

Daktari akageuza kiti kumwelekea.

"Tunajua unataka jina la nani," Daktari akasema kwa upole ambao Zaituni hakuwahi kuusikia kwake. "Lakini jeni hii siyo iliyomkosa mtoto wako. Tukiipa jina lake, watu watadhani ndiyo. Tutakuwa tumeandika uongo."

"Na baba yake Lwitiko naye aliikosa jeni hii?"

"Hapana."

"Basi mbona yeye hukumwambia ni uongo? Sikuja kuomba sababu, Daktari. Sababu nimeshaikosa jana. Naomba jina. Mayai yale niliyazika mimi, nikayachora mimi, na ukanifokea mimi. Ningekuwa na mtoto mzima nyumbani nisingeyapasua, ningeyatupa kwenye pipa kama sheria inavyosema, na ninyi leo msingekuwa na fomu ya kujaza!"

Alikuwa amesimama na hakujua amesimama saa ngapi. Kisha lile jina likatoka, kwa sauti ya kukwaruza kidogo, maana lilikuwa halijapita kooni hata mara moja.

"Tunu," akasema. "Anaitwa Tunu."

Wote wawili wakamgeukia.

"Tunu," Lwitiko akalirudia.

"Sema tena."

"Tunu."

"Na wewe, Daktari."

"Tunu," akasema Daktari Kokubanza.

Zaituni akajifunika uso kwa mtandio akalia, na katikati ya kilio akacheka, mpaka Lwitiko akashindwa kuvumilia, akainuka akamshika bega.

"Pole, Mama Tunu," akamwambia. "Pole sana, Mama Tunu."

Zaituni akaushusha ule mtandio taratibu. Kwa miaka kumi na mmoja wanawake wa rika lake wote walikuwa Mama Fulani, na yeye alibaki Zaituni. Jina la mwanawe alilitamani usiku na mchana. Hili jingine, la kwake yeye, hakuthubutu hata kulitamani.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Zilibaki dakika kumi na mbili.

"Mama Tunu," akasema, "hivyo ndivyo tutakavyokuita kuanzia leo, mimi na Lwitiko na mlinzi na kituo kizima, mpaka ustaafu, ukipata jina hili la fomu au usipolipata. Hilo nakuahidi. Lakini hapa nina nafasi ya neno moja, na sijui niandike lipi."

"Jana ningekung'ang'ania," Mama Tunu akamjibu. "Leo na mimi sijui."

Lwitiko akaketi. Alitaka kusema yeye anajitoa, akafungua mdomo, akamwona akilini marehemu mama yake akipangusa kile kiti kitupu cha baba, akaufunga.

Na mimi hapo ndipo ninapowaachia. Najua mnavyofikiri. Tayari hapo nyuma kuna anayenong'ona kwamba Mama Tunu ameshapata alichokitaka, awaachie wenzake. Mwenzie anamjibu kwamba vinywa viwili ofisini si dunia, na Ijumaa nyingine haitakuja. Yule mwingine anasema Daktari hawaombei wafu wake, anawaombea mabinti wa watu, na la wengi ni kubwa. Na wewe mwenye karanga, unamfikiria mzee Angetile, kama yu hai, akilisikia jina lake likitamkwa na mgeni. Sitaki kunong'onezana. Semeni kwa sauti.

Jicho, mkono, usomaji. Alama za mkaa kwenye kitako cha yai, vipande elfu tisa, herufi moja katika mamilioni. Dakika kumi na mbili zimekuwa mbili, wote watatu wamekitazama kile kibodi, na hakuna aliyenyoosha kidole.

Je, ungekuwa wewe umekaa pale, ungeandika jina gani? Na ungewaambia nini, ukiwatazama usoni, wale wawili uliowanyima?